Aliyemtuma Mwalimu Ruel Juu ya Banda

Kamiyashiro,
Mkoa wa Yamagata,
Japani.

16 Machi 2014

Mpendwa kaka Milton,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe, na wifi Cleusa hajambo? Mama Mkubwa Fumi anaendeleaje na presha yake? Kwenye picha mliyotutumia mwaka mpya nilimwona amekonda, lakini macho bado ni yale yale ya kutafuta kosa. Mwambie ananiogopesha hata akiwa kwenye karatasi. Na miti yenu ya matunda huko Brazili imezaa vizuri mwaka huu?

Sisi huku tu wazima. Mume wangu Shigeru ameshaanza kuzungumzia mbegu za mpunga, na theluji bado imefika dirishani. Mama yangu anakula vizuri na kulalamika vizuri, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Utaona nimeandika kwa herufi nyepesi za Kijapani, zile wanazofundishwa watoto wa darasa la kwanza. Nimefanya hivyo ili usome mwenyewe, usilazimike kumwita Mama Mkubwa akusomee. Habari ninazokuletea ni aibu yangu, na nataka zikufikie wewe kabla ya mtu mwingine. Kwa nini wewe, utaelewa mbele.

Shuleni kwetu kuna mwalimu msaidizi wa Kiingereza, Mfilipino, jina lake Ruel Dacanay. Amekuwa akija kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka mitano. Siku nyingine huenda shule mbili za jirani. Ana sanduku lake la viatu mlangoni, ana meza katika ofisi ya walimu, na kikombe chake kiko rafuni pamoja na vyetu. Watoto wanampenda kupita kiasi. Akila nao mchana humpa maziwa yao wasiyoyataka, naye huyanywa yote, ndiyo maana tumbo limemtangulia. Ungeniuliza ni mwalimu wa nani, ningekujibu ni wetu, na ningeona umeniuliza swali la kipuuzi.

Kumbe sikujua ninachosema. Halmashauri ya mji inanunua vipindi vya Kiingereza kutoka kwa kampuni moja ya Sendai, kama inavyonunua mafuta ya taa ya majiko ya madarasani, na kila mwaka inachagua anayeuza kwa bei ndogo. Ruel ni mfanyakazi wa kampuni hiyo. Kwa mujibu wa mkataba, sisi walimu hatuna ruhusa ya kumwagiza jambo lolote. Mtu akiwa na haja naye aiandikie kampuni, kisha kampuni imwambie yeye.

Wala siwezi kusema sikuambiwa. Tangazo lilikuwa limebandikwa juu ya mashine ya faksi miaka yote mitano. Mimi mwenyewe nililifanyia mzaha mbele ya wenzangu, nikauliza kama nitatuma faksi Sendai kumwomba mtu aliyeketi mbele yangu anishikie mkasi. Walicheka sana. Ruel naye alicheka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa koleo la theluji. Alisukuma theluji na sisi, alifagia na sisi, alibeba viti siku ya michezo. Nilikuwa nikijisifu kwamba shule yetu haina ubaguzi.

Basi tarehe sita Februari theluji ilianguka tangu alfajiri bila kupumzika. Mimi ndiye msimamizi wa banda la sungura. Baada ya masomo watoto wangu wa darasa la tano walinijia wanalia kwamba paa linalegea na sungura watafunikwa. Nilichukua ngazi. Magoti yangu unayajua. Ruel alikuwa ameshavaa koti, zamu yake imeisha tangu saa tisa na nusu, anasubiri basi. Nikamwita nikamwambia apande yeye.

Aliishika ngazi, akanitazama. Akaniuliza, "Kampuni haitasema kitu, Mwalimu?"

Nikamjibu, "Kampuni iko Sendai, Mwalimu Ruel. Theluji iko hapa."

Watoto walicheka, naye akacheka, akapanda. Banda lenyewe si refu, ukinyoosha mkono unagusa ukingo wa paa, ndiyo maana sikuogopa. Lakini theluji yote iliteleza kwa mpigo mmoja ikamchukua, akaangukia ukuta wa saruji. Kifundo cha mguu kilivunjika mahali pawili. Sungura wote wanne walikuwa wazima, wala hawakuacha kutafuna kabichi yao.

Nilikwenda naye hospitali. Kwenye fomu waliuliza mwajiri wake ni nani, nami kwa mkono wangu nikaandika jina la shule yetu, tena kwa herufi kubwa. Kesho yake asubuhi naibu mkuu wetu, Bwana Onodera, aliniita akanirudishia nakala ya ile fomu. Alinieleza kwa upole kwamba huyu si wetu. Kampuni nayo ilikuwa imeshapigiwa simu, ikajibu kwamba kupanda paa hakumo katika ratiba yake, muda wake ulikuwa umekwisha, na wao hawakumtuma. Halmashauri ikasema haimjui mtu yeyote kwa jina hilo, inajua kampuni tu.

Siku tatu baadaye Bwana Onodera alifunga mlango, akanimiminia chai mwenyewe. Si mtu mbaya, kaka, usimchukie. Alikuwa na hofu. Aliniambia ikijulikana kwamba tulimwagiza, basi itajulikana pia kwamba kwa miaka mitano tumemtumikisha mtu wa kampuni kama mtu wetu, na mji mzima utaulizwa maswali. Mwalimu mkuu anastaafu mwezi huu baada ya miaka thelathini na minane. Je, nataka aondoke na doa?

Kisha akasema, "Andika tu kwamba alijitolea mwenyewe. Wema wake si kila mtu anaujua? Hapo uongo uko wapi?"

Nikaandika. Sentensi moja: Mwalimu Ruel alipanda kwa hiari yake. Nikatia muhuri wa jina langu chini, badala ya sahihi. Chai ilikuwa bado ya moto.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomfungia mlango, kwa sababu aliyeumia akiwa kazini hutibiwa na kulipwa fidia, na aliyepanda kwa hiari yake hupewa pole. Ruel ana mke na binti mdogo huko kwao wanaomtegemea, na kwa mguu ule hawezi kusimama darasani. Niliyajua yote hayo nilipokuwa nikiupuliza muhuri ukauke.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea machungwa. Anaishi chumba kimoja juu ya duka la vinyozi, ngazi zenyewe nyembamba, sijui alikuwa akizipandaje na magongo. Alinishukuru kwa kuja mpaka nikatamani kujificha. Hakuwa amekasirika. Aliniambia, "Mwalimu, nilidhani nina waajiri watatu. Kumbe sina hata mmoja." Halafu akaniomba jambo dogo tu: niandike nani alimwambia apande. Hakujua kwamba nilikuwa nimeshaandika.

Nami nikamjibu, "Vumilia kidogo, Mwalimu Ruel. Mambo yatatulia."

Kaka Milton, maneno hayo yalipotoka mdomoni mwangu nilikuona wewe. Ilikuwa mwaka mpya wa 2009, umekuja kwetu kutoka kiwandani huko Hamamatsu, mkono wako wa kushoto umefungwa bandeji na vidole viwili havipo. Ulituambia wakala wa ajira anasema ulikuwa wa kiwanda, na kiwanda kinasema ulikuwa wa wakala. Uliniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu na naandika vizuri, nikuandikie barua kwa ofisi ya ukaguzi wa kazi. Nilikujibu nini? Vumilia kidogo, kaka, mambo yatatulia. Nikakuongezea supu. Sikutaka jina letu la Igarashi lionekane kwenye malalamiko. Mwezi wa tatu ukarudi Brazili, na tangu siku hiyo hujawahi kunitajia, si kwa simu wala kwa barua.

Nilimwacha Ruel na machungwa yake, nikalia ndani ya gari mpaka vioo vikafunikwa na ukungu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo sikuambii ili unihurumie.

Tarehe ishirini na sita niliomba ruhusa ya siku moja, nikapanda treni hadi ofisi ya ukaguzi wa kazi. Niliandika upya: mimi ndiye niliyemwambia apande, aliuliza kuhusu kampuni, nami nikamfanyia mzaha. Aliyenipokea ni afisa msichana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliweka karatasi zangu mbili sambamba mezani, hiyo mpya na nakala ya ile ya kwanza niliyokwenda nayo, muhuri mmoja na mwingine.

Akauliza, "Ipi ni ya kweli?"

"Ya leo," nikasema. "Ile ya kwanza niliandika kwa kuogopa."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinieleza tu kwamba mwajiri ni kampuni, na kampuni haitaweza kusema hakuwa kazini ikiwa shule iliyonunua kazi yake ndiyo iliyomtuma. Wiki iliyopita kampuni ilikubali kutia muhuri fomu za Ruel. Matibabu yatalipwa, na sehemu ya mshahara wa siku alizolala.

Lakini kazi imekwenda. Halmashauri imechagua kampuni nyingine kuanzia Aprili, nayo ina watu wake. Hakuna anayesema ni kwa sababu yangu, na hakuna anayesema si kwa sababu yangu. Ruel anatafuta mahali pengine na magongo yake. Alinipigia simu kunishukuru, nikamweleza habari ya karatasi ya kwanza. Aliniuliza kama sungura hawajambo, akakata simu.

Ofisini wenzangu hawanitukani. Wananisalimu vizuri mno, kama mzazi wa mwanafunzi. Sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu ni Ijumaa ijayo na mimi sijaambiwa ni saa ngapi. Nastahili, na wala si jambo kubwa.

Lililobaki ndilo lililonifanya nikae chini kukuandikia. Siku ile, kabla sijaondoka, nilimwomba afisa dakika tano zaidi. Nikamweleza habari zako: kiwanda, wakala, vidole viwili, barua ambayo haikuandikwa. Nilimwambia niko tayari kuiandika hapo hapo. Aliuliza kidonda kilifunga lini. Nikakumbuka kwamba ulipotoka kwetu mwishoni mwa Januari ule ulikuwa umeshatoa bandeji, ukamwonyesha mama.

Alihesabu kwenye kalenda. Fidia ya kiungo kilichopotea hudaiwa ndani ya miaka mitano, akasema, na mlango hubaki wazi hata kama mtu amesharudi kwao. Yako ilikwisha Januari mwaka huu. Nilichelewa wiki nne, kaka. Miaka mitano mlango wako ulikuwa wazi, nami nilikuwa hapa siku zote, na kalamu mkononi.

Sikuombi unijibu kwa barua ya kunisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba haki ilikuwa yako, wala hukukosea kuiomba.

Msalimie sana Mama Mkubwa Fumi, wifi Cleusa, na wanao Edson na Márcia. Mama na Shigeru wanawasalimu nyote. Mababu zetu wawalinde huko ng'ambo, na miti yenu isikose mvua.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye hakukuandikia ulipomwomba,

Toshie