Chumba Juu ya Duka la Bachina

Jumatatu, 3/11
Nimekunja godoro mbele batoto ya Maman Régine baamuke. Nimeosha Furaha, nimemunyonyesha, nimepanga salon sawa vile hakuna mutu alilala mule. Kila asubuhi ni vile. Kiisha telefone, kutafuta chumba. Benye nyumba bote banauliza neno moja: muko bangapi? Najibu: mimi na mutoto. Papo hapo Furaha analia, kama mutu amemutuma. "Tutakuita, Madame." Hakuna mwenye aliita.

Maman Régine ni mutu wa Bukavu kama mimi. Alinipokea hapa ugenini siku nilitoka kuzaa ku maternité. Sasa binti yake Solange anatoka Liège na batoto tatu, anafika Jumamosi ya wiki ijayo. Ameniambia leo akikata vitunguu, bila kuniangalia: "Neema, usinifanye nikuwe mubaya." Namuelewa: nitoke. Inanichoma vilevile.

Baba ya Furaha iko inchi ingine, Allemagne. Telefone yake haiingie. Sitaandika tena juu yake.

Jumatano, 5/11
Laeken, kuona chumba. Chumba kizuri, mwangaza mingi. Mwenye nyumba alicheka na mimi muzuri mpaka kitenge ikafunguka ku kifua, akaona kichwa ya bébé. Bon. Chumba imeshapata mutu, anasema. Nafika chini, karatasi ya kupangisha ingali ku dirisha. Nilitaka kuing'oa na meno. Nilipanda tram tu.

Ijumaa, 7/11
Maman Régine alibaki na Furaha, akanituma sombe, majani ya muhogo, ku mitaa ya Bachina, karibu na Bourse. Kule bata zimetundikwa ku vitrine ya kioo, na maduka yao yanauza mpaka samaki yetu ya kukauka. Ku mlango wa duka moja nikaona karatasi, Kifaransa na Kichina: chumba juu, ya kupangisha.

Nimeingia. Mwenye duka anaitwa Lin. Pengine tuko umri moja. Kifaransa yake inakimbia kunishinda. Nimesema mbele ya yote: niko na bébé. "Bébé? Hakuna problème! Bébé ni bahati!" Nimemuambia nasafisha maofisi ku Schuman, niko congé ya kuzaa. Sawa. Nikuje kesho kuona chumba.

Nimerudia na moyo mwepesi mpaka nikasahau sombe. Maman Régine akaniangalia mikono mitupu. "Donc leo tutakula chumba?"

Nimecheka. Zamani sijacheka.

Jumamosi, 8/11
Aibu.

Nimeenda na Furaha ndani ya kitenge. Pa ngazi kulisimama mama-mukwe ya Lin, koko mudogo, bibi wa mvi tupu. Akaona bébé, akauliza kitu. Lin akatafsiri: iko na umri gani? Nikajibu na kiburi: wiki tatu haijaisha. Koko akaruka mbele ya ngazi, mikono wazi, sawa vile nakuja kumuibia. Aliongea, aliongea. Akaonyesha kichwa yangu, kiisha miguu yangu mu sandali. Lin akainama kwa haya. "Si leo, Madame. Après."

Après, baadaye ya nini? Kliya mwenye kutaka kulipa akamuita ku caisse, mimi nikatoka. Sikutaka kungoja banifukuze mara ya pili.

Mu tram nimelia mbele ya batu. Namuchukia ule koko. Nimeandika: namuchukia.

Jumanne, 11/11
Congé, leo batu hawafanye kazi. Batu ya kikundi ya sala balikuja. Maman Régine alishabaambia yote. Kila mutu iko na hadithi yake. Tonton Pascal wa kikundi akasema: "Bachina? Hata muchele yao haipendi sufuria yetu!" Balicheka. Mimi hapana.

Kiisha Tonton akanipeleka Evere, kuona cave moja, chumba ya chini ya udongo. Ukuta umelowa. Dirisha iko sawa kitabu, inaangalia magurudumu ya motokari. Mwenye nyumba anasema ni muzuri kwa bébé kwa sababu kuko joto. Furaha akakohoa mule. Nimesema nitasaini Ijumaa. Sina kwingine.

Alhamisi, 13/11
Niliapa sitakanyaga tena kule. Lakini wageni banakuja, Maman Régine anataka samaki. Niliingia kichwa chini. Lin akaacha caisse, akakuja mbio. "Ulienda wapi? Koko anakuuliza kila siku!"

Kumbe. Kwabo, mama mwenye kuzaa haingie nyumba ya batu mpaka mwezi uishe. Inaletea nyumba mabaya, na mama pia anapata magonjwa ya uzee. Na makelele ya siku ile ilikuwa: huyu binti wa batu anatembea namna gani mu baridi, kichwa wazi, miguu wazi, familia yake iko wapi? Chumba hawajapea mutu. Nikuje vile mwezi utaisha.

Ningefurahi. Nilikasirika zaidi. Mwezi unaisha Ijumaa ijayo. Wageni banafika kesho kutwa. Wiki ile nilale wapi, ndani ya desturi yao? Na hakuna karatasi, kuko tu neno la mudomo.

Nimemuambia Maman Régine. Akacheka mpaka machozi. Kiisha akaangalia miguu yangu. Bukavu, mama yangu angenifungia mu nyumba, anikande na maji ya moto, aniletee bouillie, ule uji wetu. Tunajua bote mbili. Akasema pole pole: "Mimi nimekutuma samaki mu baridi." Akaweka sufuria kubwa ku moto. Amenikanda mugongo na tumbo, maji inachoma, nimelia kama mutoto. "Cave, hapana. Utabaki. Batoto ya Solange batalala kando kando."

Nimemuita ule wa Evere. Nimekatala.

Jumapili, 16/11
Batu tisa mu nyumba. Choo haipatikane. Solange anasema: "Ulikatala nyumba kwa ajili ya maneno ya Muchina?" Nimeita Lin, hashike. Nimeita tena. Hashike. Nimefanya ujinga, naona. Kama chumba imeenda, ni mimi nimemulaza Furaha inje, si mutu mwengine.

Jumatatu, 17/11
Lin ametuma ujumbe. Jumapili ni siku ya kliya mingi, hakuona telefone. "Vendredi. Vaa soksi." Ni Ijumaa hii.

Ijumaa, 21/11
Nimevaa soksi na kofia. Koko aliniangalia toka kichwa mpaka miguu, akatoka mbele ya ngazi. Akachukua Furaha yeye mwenyewe, akapanda naye. Alinipa mayai mawili yamepakwa rangi nyekundu, Lin anasema ni ya mwezi wa bébé. Nimesaini. Jina langu iko ku sonnette ya mlango, chini ya yabo.

Harufu ya mafuta inapanda toka ku jikoni ya jirani. Dirisha moja inakatala kufunga muzuri, nimeweka kitenge.

Nguo za Furaha ziko mu tiroir ya kabati. Zangu ku msumari. Valizi ya safari iko tupu. Sijui niiweke wapi.