Pakiti ya Bluu Iliyopauka

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana hata mimi nikijisikiliza naona mambo yangu ni ya kitoto, lakini yamefika pabaya na sina wa kumwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nafanya kazi kwenye kiwanda kinachochapa karatasi za kufungia vyakula, kazi yangu ni kukagua rangi, nasimama chini ya taa kutwa nzima naangalia kama bluu imetoka bluu kweli, na ikipauka naiweka kando itupwe. Naishi na baba. Baba alikuwa fundi rangi wa majumba miaka thelathini mpaka magoti yalipomgomea, na mama alifariki mwaka juzi. Wao wawili walikuwa na saa yao, kila siku saa kumi jioni wanakaa mezani karibu na dirisha, chai ya rangi na pakiti ya biskuti zile za bluu, tena ndizo ninazokagua karatasi yake, wanabishana kuhusu majirani mpaka chai inapoa. Pakiti ina biskuti nane, na mbili za mwisho zilikuwa za mama, hiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

Mama alipoondoka baba aliendelea peke yake. Anakula sita, anaacha mbili, anakunja mdomo wa pakiti na kuubana kwa kibanio cha nguo. Asubuhi mimi nazitoa kimya kimya na kurudisha kibanio mahali pake, hatujawahi kulizungumza hata siku moja. Mshauri, kile kibanio kinanikumbusha mama kuliko picha yake iliyo ukutani.

Sasa miezi mitano iliyopita kliniki wakasema mishipa ya moyo wa baba si mizuri na lehemu mbaya, yaani kolesteroli, imepanda, daktari akauliza anakula nini, nikataja biskuti, akaniambia nikasome nyuma ya pakiti. Miaka kumi na moja naiangalia pakiti ile na sikuwahi kuisoma. Mbele kuna maandishi makubwa HAINA LEHEMU, nyuma kwa herufi kama sisimizi, kitu cha pili baada ya unga ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa hidrojeni, na daktari akasema hayo ndiyo adui mwenyewe.

Nikamwambia baba aache. Akaniangalia akasema, "Mama yako kaondoka, magoti yameondoka, sasa na biskuti mnazitaka? Niachieni saa yangu moja."

Ndipo nikaanza kuoka mwenyewe. Mara ya kwanza nilitumia mafuta meupe magumu ya kopo, nikaligeuza kopo nikakuta maneno yale yale, nikalitupa, nikajaribu mafuta ya alizeti, biskuti zikamomonyoka, nikaongeza ndizi mbivu iliyopondwa na karanga za kutwanga, zikashikana. Kisha nikachukua kazini karatasi zilizokataliwa kwa kupauka, nikaweka biskuti zangu ndani, nikafunga kwa pasi ya moto, nikamwambia baba nimekununulia dukani nikitoka kazini, usijisumbue tena. Miezi minne anakula na hajasema neno. Vipimo vimeanza kushuka, na dawa anameza.

Ningefurahi, lakini mambo mawili yananitafuna. La kwanza, sasa anamaliza pakiti nzima. Zile mbili haachi tena, kibanio kinakaa tu dirishani. Naona mimi kwa ujanja wangu nimemfuta mama, siku zangu za mapumziko nasimama mlangoni jikoni namtazama anakula mbele ya kiti kitupu, natamani asubuhi moja tu nizikute zile biskuti mbili zimebanwa.

La pili, rafiki yake, fundi cherehani mstaafu wa nyumba ya pili, anakwenda kliniki ile ile kwa ugonjwa ule ule. Aliiona pakiti mezani kwetu, na juzi nimemkuta dukani ameshika pakiti tatu, zile zenyewe za kiwandani. Akaniambia, "Mwanangu, kama baba yako anazila kila siku na vipimo vyake vinashuka, mimi najinyima nini?" Nikatabasamu nikaondoka. Nilitabasamu, mshauri. Nikisema ukweli, baba atajua nimemdanganya na saa yake itakufa, nikinyamaza yule mzee anaumia. Nifanye nini?

Mimi, Mkaguzi wa Rangi

*

Marahaba, Mkaguzi. Sikucheki, ila nitakugombeza kwanza ili tumalize.

Huyo fundi cherehani ana moyo mbovu na pakiti tatu, na wewe ukatabasamu. Ukimaliza kusoma hapa vaa viatu uende kwake, kabla hata ya kuongea na baba yako. Mwambie, "Mzee, zile za kwetu nilioka mimi, pakiti ni ya uongo." Utaona haya, sawa, hakuna aliyekufa kwa kuona haya. Mpelekee sahani ya za kwako, umwambie arudi kliniki wampime, na mfundishe yeye na watu wa nyumbani kwake kugeuza pakiti. Wakiona mafuta yaliyogandishwa kwa hidrojeni, hata kama wameyataja mwisho kabisa, wairudishe rafuni. Hayo maneno makubwa ya mbele yasiwababaishe. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana lehemu ya kusema, lakini yakigandishwa namna ile yanakwenda kuipandisha lehemu mbaya mwilini mwako wewe. Mtu akitaka kutafuna, kuna karanga kavu zisizo na chumvi, kuna matunda, kuna bisi za kukaanga mwenyewe kwa mafuta kidogo ya maji.

Halafu karatasi za kazini. Karatasi iliyokataliwa inatupwa ili mtu asiweke humo kitu kisichoandikwa juu yake, nawe ndicho ulichofanya. Wakikukamata utafukuzwa, na sitakutetea. Zilizobaki zirudishe zikatupwe.

Nimemaliza kugombeza. Kuoka umeoka vizuri, na kopo lile ulifanya la maana kulitupa. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo jikoni miaka mingi na huku nawashauri watu. Ila biskuti nane kwa siku ni nyingi hata zikiwa za alizeti, maana sukari na unga bado vimo. Oka ndogo, apate tatu au nne, na dawa za kliniki zisikatizwe kwa sababu kipimo kimependeza.

Sasa baba yako. Barua yako nimeisoma mara tatu, kuna kitu umekiandika wewe mwenyewe bila kukiona, kama ulivyoishi na pakiti ile miaka kumi na moja. Baba yako amechanganya rangi za kuta miaka thelathini. Wewe unamwekea mbele karatasi ambayo jicho lako limeikataa kwa kupauka, na unadhani jicho lake limeipitisha? Na biskuti yenye ndizi na karanga, kweli aione ni ile ile aliyokula na mkewe maisha yote? Siishi kwenu, naweza kukosea. Lakini nadhani mzee alijua tangu pakiti ya kwanza.

Ndiyo maana haachi tena zile mbili. Zile mbili alikuwa anamwachia mkewe kwenye biskuti zao. Hizi ni za binti yake, aliyesimama jikoni akaharibu unga mara mbili ili yeye aishi, naye anazila zote mpaka ya mwisho. Mama yako hajafutwa, mwanangu. Baba yako hakutaka tu kukuvunja moyo, na wewe hukutaka kuvunja wake, mkabaki mmoja mlangoni na mwingine dirishani, miezi minne, wote mnamkumbuka mtu mmoja.

Kwa hiyo kesho omba ruhusa utoke kazini mapema. Saa kumi weka biskuti kwenye sahani wazi, bila karatasi, mimina vikombe viwili, kisha ukae kwenye kile kiti cha mama yako. Najua hujawahi kukikalia tangu afariki, maana barua nzima umesimama. Mwambie, "Baba, nilikudanganya." Akikasirika mwache akasirike, chai ikipoa mtachemsha nyingine. Akicheka, muulize alijua siku gani. Halafu mtafutie jirani wa kumsema, mbishane.

Na zikibaki mbili kwenye sahani, msizile, zitie kwenye mfuko. Mpe baba kibanio.