Pointi za Dada Wangari

Dada yangu Wangari,

Unakumbuka ulipokuwa ukifanyia kazi yako ya kuandika programu za kompyuta hapa sebuleni kwetu, mtaani Skuta, kabla kampuni haijawaita nyote ofisini Nairobi? Kila saa tatu asubuhi ulisimama mbele ya kompyuta, na wenzako wakasimama kwenye skrini. Nilikuuliza kwa nini hamketi.

"Ili tuseme kwa ufupi. Jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nimekwama wapi. Dakika kumi na tano, kwisha."

Nilipenda hapo pa kukwama. Shuleni mimi nikikwama hunyamaza.

Kila kazi mliipa pointi kulingana na ugumu wake, mkikubaliana wenyewe, ili msijitwike mzigo usiobebeka katika kila awamu ya wiki mbili. Kisha akaja meneja mpya. Akazigeuza zile pointi kuwa orodha ya watu, wa kwanza hadi wa mwisho, kama matokeo yetu ya mtihani. Mkutano ukafika saa nzima. Siku moja ulisema umekwama, akakuuliza mbele ya wote, "Wangari, tena?" Hukusema hivyo tena.

Wiki uliyomsaidia yule kijana mgeni kwenye timu, ulikuwa wa mwisho.

"Ati kusaidia mtu hakuna pointi?" nikashangaa.

"Hakuna. Ngoja uone, kazi ya pointi mbili nitaiita nane, niwe namba moja."

Nilidhani unatania. Ukafanya kweli, meneja akakupongeza, Mama akapiga vigelegele. Wewe ulifunga kompyuta ukaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Juzi uliniambia kwa simu, "Muthoni, usichague kompyuta. Chagua kitu kingine chochote." Ukakata. Kwa simu maneno hunipotea, ndiyo maana naandika.

Ni kompyuta iliyokuchosha, au ni ile orodha? Nauliza kwa sababu nilikuona siku uliyopata kosa la programu ulilolitafuta siku mbili: ulinibeba ukazunguka nami hadi tukagonga kabati. Na meneja je, naye kuna mtu anayemsomea pointi zake? Alijua unaziongeza? Mkikutana wenyewe bila yeye, mnaambiana ukweli?

Fomu ya kuchagua masomo ya sekondari pevu, nitakayosoma kuanzia Gredi ya Kumi, inarudishwa Ijumaa. Kwenye nafasi ya kwanza nimeandika kompyuta, kwa penseli. Usipojibu hadi Alhamisi jioni, nitapitisha kalamu ya wino juu ya herufi hizo, neno lisifutike.

Mdogo wako anayekungoja,
Muthoni