Wajerumani Wangu na Barua ya Kuacha Kazi

Jumapili, Usagara

Itangazwe rasmi kwamba leo nimepiga kwa gitaa sekunde kumi na moja za wimbo wa ile bendi yangu ya Wajerumani bila kukosea. Wimbo wenyewe una dakika saba.

Deth metali ya kiufundi, yaani roki nzito ya kasi, si mchezo. Wamebadilisha wapiga ngoma watano, kila albamu inakimbia kuliko iliyotangulia, na mapigo yanageuka kabla mguu haujayazoea. Mwimbaji anakoroma kama jenereta iliyoingia maji.

"Baba Neema, huyo anaumwa wapi?" mke wangu aliuliza.

"Anaimba habari za kifo."

"Basi kishamfika."

Nimemvumilia, maana nataka akubali barua niliyoiandika ya kuacha kazi kiwandani, kwenye mkonge. Nataka kuishi kwa gitaa. Hoja yangu kwake ni moja tu: Wajerumani hawa wana miaka ishirini jukwaani, hawajafa njaa.

Leo usharika ulipokea wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani. Tukawavika vitenge, tukawaimbia. Mwenyekiti wa kwaya akanisukuma mbele: "Huyu ndiye mtaalamu wetu wa muziki wa kwenu!" Nikaitaja bendi. Wageni wazee hawakuijua. Kijana mmoja, anayejua Kiswahili cha kitabuni, akaruka kwa furaha. Anaifahamu! Mpiga gitaa ni jirani yake!

Nikamvuta Mama Neema asogee, asikie mwenyewe.

"Mwambie shemeji yako, huyo mpiga gitaa anaishije?" nikamwambia kijana.

"Anaishi vizuri sana," akasema kijana. "Anabandika vigae. Bafu letu amelitengeneza yeye."

Mama Neema hakucheka. Angecheka, ningebisha.

Kesho naingia zamu ya asubuhi kiwandani.