Kichwa cha Sato

Jumatatu, 9 Machi
Uji wa ulezi. Mzee kaonja, karudisha kikombe. Tangu atoke hospitali na huo moyo wake, hali chakula. Daktari kakataza chumvi nyingi na samaki wa kukaanga. Magesa wangu, aliyekuwa anakulaga ugali wa muhogo mpaka sufuria inalia! Sasa shati linamning'inia kama limeanikwa. Nimemgombeza. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikalia. Simtaki mwanamume mwingine. Huyu huyu, na kukoroma kwake.

Jumanne, 10 Machi
Mjukuu wangu Nyamisi kaja kutoka Bunda, anapikaga hoteli ya watalii. Babu yake anamwita mke mdogo, mimi namwita mke mwenzangu. Anasema wapo watu wa Bahari ya Kati, kule Mtume Paulo alikovunjikiwa merikebu, wanapika samaki bila kukaanga, chumvi kidogo, na anaiva upesi. Nikamwambia chakula cha upesi ni cha wezi. Kacheka. Kesho anapika.

Jumatano, 11 Machi
Vibaya. Nyamisi kanunua mnofu wa sangara, mweupe, hauna ngozi wala mfupa. Nyanya, vitunguu saumu, limau, kotimiri. Akamimina mafuta ya zeituni. Nikashtuka. Hayo sisi tunayajua ya kanisani, mchungaji anapakaga wagonjwa kwenye paji. Lakini harufu ilikuwa nzuri, sisemi uongo.

Tukampelekea Mzee. Kaitazama sahani, kageukia ukuta.

"Kichwa mmempa nani?"

Nyamisi hakuelewa.

"Na mafuta ya wagonjwa mmeshanimwagia. Semeni tu nakufa."

Hapa kwetu kichwa cha samaki ni cha mwenye mji. Baba mkwe alipozikwa, kichwa kiliwekwa mbele ya Magesa, watu wakajua mji uko mikononi mwa nani. Tangu hapo ni yeye anayekipasua, na shavu moja ananisogezeaga mimi. Leo mimi mwenyewe nimembebea sahani isiyo na kichwa. Nilikuwa nawaza moyo wake, nikasahau yeye.

Nyamisi alilia jikoni. Nikamwambia nyamaza, mke mwenzangu, ulaji wa mume huyu mimi ndiye ninayeujua. Hajala kitu mpaka sasa. Naogopa.

Alhamisi, 12 Machi
Asubuhi mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki. Sato mzima wa kisiwani Rukuba, kichwa kama ngumi. Kijana muuzaji akauliza kama akate kichwa. Nikamwambia kata chako.

Nyamisi kapika vile vile, nyanya, saumu, limau, sufuria pana, kafunika. Mimi nikaichukua ile chupa ya mafuta, nikaenda kwa Mzee. Nikachovya tonge la ugali, nikala mbele yake. Nikamuuliza, mimi nami nakufa?

"Wewe? Wewe utatuzika wote, pamoja na mchungaji."

Nusura nicheze. Sauti yake ile ya zamani.

Tukaleta sato, kichwa kikimtazama yeye. Kainuka mwenyewe, kakaa, kanawa. Kaanza na jicho. Kafyonza mifupa mpaka ikawa myeupe.

"Mke mdogo, chumvi mmeifungia sandukuni?"

"Babu, chumvi yako anayo daktari."

"Basi daktari amenenepa."

Tumecheka mpaka Nyamisi kapaliwa. Mashavu yote mawili kayala yeye. Sikukasirika. Nyamisi karudi Bunda jioni, chupa kaniachia.

Jumapili, 15 Machi
Kanisani, kisha nyumbani. Mvua kidogo hapa Bweri. Sato nimempika mwenyewe. Saumu niliunguza kidogo. Mzee kakaa mezani kabla sijamwita. Kapasua kichwa taratibu. Katoa shavu, kalisogeza upande wangu wa sahani. Nikalila.

Limau lilikuwa limeingia vizuri.