Mkate wa Baba Yenu

Retseli na Khotso wanangu,

Mimi na baba yenu tumekwenda Semonkong kupiga kambi. Tutarudi ~~Jumamosi~~ Jumapili jioni. Maharage yameshachemka, bado kuungwa tu. Mbuzi wasilale nje, umande umeanza kuganda. Bibi asipewe chumvi hata akiwaapia.

Najua jana mlinisikia nikisema siendi ng'o. Wiki iliyopita kule kambini baba yenu alioka mkate kwenye chungu cha chuma. Nje ukawa mkaa, ndani unga mbichi. Nikasema mbele ya rafiki zake, "Huu tugandamizie hema lisipeperuke." Wote wakacheka, naye akacheka, lakini njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Nami nikanuna kwa kuwa kanuna.

Leo alfajiri nimemkuta jikoni, unga mpaka kwenye nyusi, anakanda.

"Ntate, baba Retseli, unafanya nini saa hizi?"

"Najifunza, mama Retseli. Wewe si umesema huendi? Nikiuharibu nitaula mwenyewe, sitachekwa na mtu."

Nikageukia mzigo wake uliokuwa mlangoni, nikaona kafunga vikombe viwili, na blanketi langu juu yake. Mtu umemuumiza, naye bado anakubebea blanketi. Nikamwomba radhi palepale, nikaenda kutafuta viatu.

Khotso, kuni zipasue wewe, si dada yako.

Sasa anapiga honi, anasema nikichelewa ataniacha. Haniachi.

Mama yenu