Mnyambe na maji ya "hapo tu"

Mama Shamte, unaweza kuamini mzee mzima akakana kiu mbele ya Mzungu? Dada Dorothy kanisimulia leo, bado nimeshika kichwa!

Mwaka hamsini na nne, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliwaita wazee wa Newala wamshauri bomba la maji lipelekwe vijiji gani. Wazee wa kijiji cha Chilangala wakaeleza shida yao. Mzee Bartholomayo wa kijiji cha Mnyambe akaona aibu kulialia mbele yao.

"Sisi maji ni hapo tu."

Hapo tu! Bwana Shauri akashika kalamu aikate Mnyambe orodhani.

Wakati huohuo marehemu mama yetu, Isabela, alikuwa anapita na mtungi wa maji, akayasikia. Kaondoka jogoo la kwanza kushuka bondeni, sasa jua la utosi. Akautua katikati ya wazee.

"Shikamooni. Mjomba, hapo tu ni wapi? Umewahi kufika?"

Wa Chilangala wakaangua kicheko.

Mzee akafoka, "Nenda kwa wanawake wenzako!"

"Wenzangu bado wanapanda mlima."

Mwenzangu, hakuondoka! Akamgeukia Bwana Shauri.

"Bwana, hawa wanakunywa tu. Sisi tunaochota tunataka bomba Mnyambe."